Kumwagilia bustani Nairobi: mwongozo kwa Mpwani aliyeko bara

Mwaka wangu wa kwanza Nairobi niliua mche wa asmini kwa kuupenda kupita kiasi. Mamangu aliukata uani kwetu Mombasa, akauotesha ndani ya kopo la maziwa, nami nikaja nao kwa basi, kopo mapajani, mpaka Riruta. Kwetu asmini ilimwagiliwa kila siku baada ya Alasiri, ndoo moja nzima, na kabla ya Magharibi mchanga ulikuwa umeshakauka juu. Nami nikafanya vivyo hivyo huku bara. Ilipofika Mei, majani yakaanza kugeuka manjano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Mwezi haukuisha, mche ukanyauka wote.

Jirani yangu, mzee aliyelima upande huu tangu kabla ya majumba ya ghorofa, aliung'oa akaninusisha mizizi. Ilikuwa myeusi, inanuka kama mtaro.

"Huu haukufa kwa kiu, mwanangu," akaniambia. "Umezama."

Tangu siku ile nimekutana na Wapwani wengi wa Kawangware, Kangemi, Kileleshwa na Ngara wenye kisa kama changu. Mmoja ni mrihani ulioza, mwingine ni mchicha uliodumaa, mwingine ni nyanya zilizoingia weusi kabla ya kuiva. Kosa letu ni moja: tunamwagilia kwa mazoea ya kwetu. Ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Nairobi mtu haangalii saa ndipo amwage maji. Huuliza udongo kwanza. Haya hapa niliyojifunza, mengine kwa hasara.

Udongo wa huku si wetu

Mombasa, Kilifi na Lamu, sehemu kubwa tunalima juu ya mchanga uliolala kwenye mawe ya matumbawe. Maji hupita chini upesi, na ndiyo maana bibi zetu walimwagilia kila siku. Hawakukosea, mchanga wao haukuweka akiba.

Magharibi ya Nairobi, kuanzia Lavington na Kawangware mpaka Kangemi, Riruta na Dagoretti, udongo ni mwekundu, umetokana na mawe ya volkano, na mahali pengi unakwenda chini kwa kina kirefu. Huu hushika maji siku nyingi. Ukiwa haujakanyagwa, hupitisha yanayozidi na kubakisha ya kutosha; ni udongo mzuri mno. Tatizo ni kwamba katika viwanja vingi vya majumba ya kupanga umeshindiliwa na malori ya mafundi, kisha ukachanganywa na kokoto na saruji. Hapo maji husimama kama ndani ya sahani.

Ukienda kusini na mashariki ya jiji, kama South C na Embakasi, utakuta udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka nyufa ukikauka. Kwa hivyo ushauri wa rafiki wa Embakasi huenda usimfae mtu wa Kangemi, japo wote wako Nairobi.

Jaribu hivi kabla ya kupanda chochote. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yaishe, kisha ulijaze mara ya pili. Yakishuka ndani ya saa chache, pana usalama. Ukiyakuta yangali yamesimama asubuhi ya pili, usipande hapo mpaka uvunje ardhi kwa jembe la meno, uchanganye samadi iliyooza vizuri, na uinue tuta.

Majira manne ya Nairobi

Mvua za Nairobi zina majira yanayofanana na yetu: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kinachobadilisha mambo ni baridi. Jiji liko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na vitongoji vya magharibi vimepanda zaidi. Jina lenyewe, Nairobi, limetokana na maneno ya Kimaasai yanayomaanisha maji baridi.

Januari na Februari ni miezi ya jua kali na hewa kavu. Hapa ndipo bustani hudai maji kuliko wakati wowote.

Machi mpaka Mei ni masika, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi. Weka ndoo chini. Kazi yako sasa ni kuyatoa maji, si kuyaleta.

Juni mpaka Agosti ndio mtego wetu. Mvua ni chache, kwa hivyo Mpwani hudhani ni kiangazi na kushika mpira. Lakini anga huwa na mawingu siku nzima, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 12. Maji ya juma lililopita yangali udongoni. Mimea mingi wakati huo hukua polepole na kunywa kidogo. Mwagilia nusu ya unavyofikiri, au pungufu.

Septemba jua hurudi, kisha vuli huingia Oktoba. Vuli haiaminiki: mwaka mmoja huchelewa, mwaka mwingine humwaga mpaka barabara zikakatika.

Mmea una kiu au umelewa?

Mmea wenye kiu na mmea uliozama hunyauka kwa sura moja. Mizizi iliyokosa hewa haiwezi kunyonya maji, hivyo jani hulegea ilhali chini kumejaa. Ndiyo maana nilimwaga maji juu ya mche uliokuwa ukifa maji. Tofauti haionekani kwenye jani, iko chini.

Tia kidole udongoni mpaka pingili ya pili. Ukihisi unyevu na udongo ukang'ang'ania kidole, usimwagilie. Ukitoka kavu, mwagilia. Kwa miti na vichaka, tumia kijiti kirefu cha mbao: kichomeke mpaka sentimita 20, ukiache kidogo, ukitoe uangalie kama kimelowa.

Majani yakilegea saa saba mchana kisha yakasimama tena jioni, ni jua tu, yaache. Yakiwa yangali yamelegea asubuhi, na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu. Yakilegea asubuhi na udongo ni mbichi, au majani ya chini yakigeuka manjano moja baada ya jingine, umezidisha. Simamisha maji, ufukue pembeni mwa shina hewa ipite, na usitie mbolea mpaka mmea urudi.

Kiasi gani, na saa ngapi

Hesabu moja itakusaidia maisha yako yote: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mboga nyingi wakati wa jua hutosheka na kiasi cha milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita 1 kwa mita 3 litataka lita 75, chini kidogo ya mitungi minne ya lita 20. Igawe mara mbili: mitungi miwili Jumatatu, miwili Alhamisi.

Kumwaga kidogo kila siku ni hasara. Maji hulowesha juu tu, mizizi hupanda juu kuyafuata, na siku mgao ukikukosa mmea hauna akiba. Ukimwaga mengi kwa siku chache, mizizi huteremka.

Mwagilia asubuhi, mapema. Mazoea yetu ya jioni hayadhuru sana Pwani kwa sababu usiku una joto na upepo. Huku, jani lililolala na maji kwenye baridi hualika ukungu, na nyanya na viazi ndizo za kwanza kuugua: madoa meusi kwenye majani, kisha tunda zima. Elekeza maji shinani. Jani halinywi.

Kuyafanya machache yatoshe

Kwanza, matandazo. Tandika nyasi kavu au majani makavu, unene wa kiganja, juu ya tuta zima, ila uache nafasi kidogo kuzunguka shina. Jua halipigi udongo moja kwa moja, na mvua ikija haiupondi. Mimi nilipoanza kutandika, siku za kumwagilia Februari zilipungua karibu kwa nusu.

Pili, chungu cha kuzika. Chukua chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, ukizike mpaka shingoni katikati ya tuta, ujaze maji na ufunike. Maji hutoka polepole kupitia ukuta wa chungu kadiri udongo ulivyo mkavu, na hupungua wenyewe udongo ukiwa na unyevu. Wachina waliiandika mbinu hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwa sisi tuliokunywa maji ya mtungi, si ajabu: jasho lilelile linalopoza maji ndilo linalonywesha mizizi. Ukitumia chungu cha maua, ziba tundu la chini kwanza.

Tatu, maji ya pili. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni halali ya bustani. Maji ya udhu pia: weka karai chini, na nyumba ya watu watano wanaoswali nyumbani itajaza ndoo kabla ya Isha. Tumefundishwa tusifuje maji hata tukiwa ukingoni mwa mto, sembuse kwenye nyumba ya mgao. Maji ya sabuni ya kufulia yana chumvi zinazoharibu udongo yakirudiwarudiwa. Yapeleke kwenye miti au maua, kwa zamu na maji safi, na usiyamwage kamwe kwenye mboga za majani. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, au yaliyochemshia chakula chenye chumvi, yamwage chooni.

Nne, usichote mtoni. Mito inayokatiza magharibi ya jiji, kama Kirichwa na mto Nairobi wenyewe, hupokea maji machafu ya majumba na viwanda. Sukuma itanawiri, lakini utakula yaliyomo.

Bomba, tangi na hesabu ya paa

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Mabwawa ya Sasumua na Ruiru na chemchemi za Kikuyu huongezea. Mgao wa maji ulioanza wakati wa ukame wa 2017 haujaondoka. Mitaa mingi hupata maji siku chache za wiki. Na mvua inayonyesha Lavington haijazi bwawa la Murang'a. Ndiyo maana barabara inaweza kuwa mto na bomba likawa kavu siku hiyohiyo. Sisi tuliolelewa tukingoja maji ya Mzima, Baricho na Marere tunalijua hilo vizuri.

Nyumbani kwetu kuna wazee na watoto, na kuna wiki ambazo mitungi haikutosha kufua. Wiki kama hizo nilikuwa nikiona haya kubeba ndoo kwenda kwenye maua. Bustani isiyo na maji yake yenyewe hugombana na nyumba, na nyumba ina haki ya kushinda.

Kwa hivyo tazama paa. Bati la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 10, ukitoa yanayopotea, litakupa kama lita 240. Mvua nne au tano za namna hiyo zinajaza tangi la lita 1,000. Kama tangi limejaa mwisho wa Desemba, na tuta lako la mita 3 za mraba linataka lita 75 kwa wiki, una wiki 13, yaani zaidi ya Januari na Februari zote, bila kugusa mtungi wa jikoni.

Masharti ni matatu. Yaache maji ya mwanzo ya kila mvua yamwagike, kwani yamebeba vumbi na mavi ya ndege. Safisha mfereji wa paa kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Na funika tangi kwa wavu mwembamba. Tunaokumbuka chikungunya ya Mombasa ya 2017 na 2018 hatuhitaji kuambiwa mbu anazalia wapi. Sahani za chini ya vyungu nazo zimwagwe kila wiki.

Aliyepanga na hana ruhusa ya kuweka tangi, pipa moja chini ya mdomo wa mfereji ni mwanzo. Zungumza na mwenye nyumba kabla. Mara nyingi hukubali akijua maji hayatamwagikia msingi wake.

Mvua ikizidi

Baada ya misimu mitano mfululizo ya ukame uliomaliza mifugo kaskazini na hata kwetu Tana River na Kilifi, vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, na masika ya 2024 yakafurika Nairobi mpaka watu wakapoteza maisha na makazi. Bustani ni jambo dogo mbele ya msiba kama huo. Lakini anayetegemea mboga ya uani anajua kwamba tuta lililosombwa ni mwezi mzima wa kununua.

Jitayarishe Februari, si Aprili. Inua matuta kiasi cha sentimita 20, na kama kiwanja kina mteremko, yakate mteremko kwa upana, yasiufuate kwenda chini. Chimba mfereji mdogo upande wa juu uyageuze maji kabla hayajaingia. Hakikisha mfereji wako haumwagii jirani wa chini. Ugomvi wa maji ya mvua nimeuona ukienda mpaka kwa chifu.

Mvua ikiwa inaendelea, usikanyage tuta lililolowa, utalishindilia. Punguza majani ya chini ya nyanya ili matone yasirushe udongo juu yake. Panda kwa nafasi, upepo upite.

Mvua zikikata, mboga zikiwa za manjano wakati udongo unapitisha maji vizuri, huenda rutuba imesombwa. Tia samadi au mboji, siyo maji.

Na hili usilifanyie mzaha: mfuniko wa mtaro wa maji machafu ukifurika ukapita bustanini, ng'oa mboga zote za majani uzitupe. Kuosha hakutoshi. Subiri jua likaushe udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda tena kitu kinacholiwa kibichi.

Kwa wanaokaa ghorofani

Wengi wetu tunaoishi Ngara au katikati ya jiji tuna baraza ya hatua mbili tu. Chombo hukauka upesi kuliko ardhi, kwa sababu saruji ina joto na upepo wa ghorofani hauna kizuizi. Lakini pia huzamisha upesi kikikosa matundu. Toboa matundu manne au matano chini. Changanya udongo mwekundu, samadi na mchanga kwa viwango sawa, maana udongo mwekundu peke yake ndani ya ndoo huwa tofali. Badala ya kidole, inua chombo: kikiwa chepesi kina kiu, kikiwa kizito kiache. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatokee chini, lakini angalia nguo za jirani wa chini zisiwe zimeanikwa.

Gunia nalo ni zuri: weka nguzo ya mawe madogo katikati kuanzia chini mpaka juu, mwaga maji juu ya mawe, nayo yatasambaa mpaka sukuma za ubavuni.

Mimea yetu ikija bara

Mchaichai huvumilia karibu kila kitu. Mchicha na kunde hupenda Januari kuliko Julai. Bamia hudumaa kwenye baridi. Ipande Septemba au Oktoba, mahali pa jua la mchana kutwa. Mrihani huoza mguu ukilowa usiku, basi uweke kwenye chombo, chini ya upenu. Mkilua nimejaribu mara mbili ukanishinda.

Asmini inakubali, ila ina masharti: ukuta unaotazama jua, tuta lililoinuliwa, na kiu kidogo. Juni mpaka Agosti mimi huipa ndoo nusu kwa wiki mbili, na nikiona mawingu hayajaondoka, siipi kabisa.

Mche wangu wa pili mamangu alinipa akiniangalia kwa jicho la mashaka. Mwaka uliofuata nyumba ya Mombasa iliuzwa, na uani pale sasa pamesakafiwa. Huu wa Riruta ndio uliobaki. Februari iliyopita ulitoa vikonyo vichache, havikutosha hata kikuba kimoja. Nilivichuma alfajiri nikavitia kwenye kisahani kando ya mto wa mamangu, aliyekuwa amekuja kututembelea. Alipoamka hakuuliza nilivyovipata. Aliniuliza, "Umeumwagia leo?"

Nikamwambia, "La. Nimetia kidole, bado una maji."